Siku Mkubwa Aliposhika Mwiko

Niliishia darasa la tatu. Herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini zinasomeka, na anayetaka zilizosimama wima akasome za mwingine.

Shamba la mkonge nililofanyia kazi liko upande wa barabara ya Voi kwenda Taveta. Mimi nilikuwa mwanikaji. Nyuzi zinatoka kwenye mashine zikiwa mbichi, unazitundika kwenye waya, unazigeuza, zikiwa nyeupe unazibeba kupeleka kwenye mashine ya brashi. Jua la huko halina adabu. Hata leo ukinishika mkono utadhani umeshika gome la mti. Binti yangu alipokosa kazi nilimwombea nafasi, tukawa tunaanika pamoja, na mishahara yetu ikawa inalipa karo ya msichana wake aliyekuwa bweni huko Mbololo. Msichana ana akili. Sisemi hivyo kwa sababu ni mjukuu wangu. Nasema kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu ni mjukuu wangu.

Halafu soko likafa. Marobota yakajaa ghalani mpaka mlangoni, wanunuzi wa ng'ambo kimya. Nyapara akatuambia mkurugenzi anakuja kutoka Nairobi na karatasi: kila mtu akubali nusu mshahara mpaka hali itengenee. Niliwaza njia nzima ya kurudi nyumbani Mraru. Nusu yangu na nusu ya binti yangu ni mshahara mmoja, na huo mmoja ni chakula. Karo haimo. Msichana angerudi nyumbani.

Mkurugenzi alitaka mkutano uwe wa kifamilia. Akatuma neno tupike chakula cha kwetu. Tukapewa mihogo, ndizi na maharagwe, nasi wanawake wa kuanika tukapika kimanga, tukaponda mpaka mabega yakauma.

Alikuja mtu mrefu, shati jeupe, sauti nzuri. Akaongea kwa kipaza sauti kutoka kwenye hema.

"Sisi ni familia moja. Njaa ikiingia nyumbani, kila mtu anapunguza tonge."

Watu wa ofisini wakapiga makofi. Kisha akaja kwenye masufuria na mpiga picha wake, akaniambia, "Mama, nipe huo mwiko. Leo napakua mimi."

Kwetu mlimani mwiko si wa kuchezea. Chakula kikiwa cha watu wengi, hasa wakati wa njaa, anayeushika ndiye mwenye nyumba. Anapakua mpaka wa mwisho apate, hauachi sufuria ikiwa na kitu, na yeye anakula kitakachobaki. Kikibaki. Mama yangu nilimwona miaka ya kiangazi akikwangua ukoko na kusema ameshiba.

"Umeutaka mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nimeutaka."

Nikampa.

Akapakua sahani chache za picha, akataka kunirudishia. Nikaweka mikono nyuma.

"Haurudi, mkubwa. Sufuria bado imejaa."

Akamtazama nyapara. Nyapara ni mtu wa kwetu, wa Marungu, mila anaijua. Akatazama viatu vyake. Mwenzangu mmoja wa kwenye waya akasema, "Baba wa familia ndiye anapakua. Ama familia imeisha?" Watu wakacheka, naye akacheka, akakunja mikono ya shati.

Nimpe haki yake, alipakua. Lakini pale si hemani. Kila mtu alipita mbele yake na sahani, uso kwa uso, na kila mtu alikuwa na neno.

"Ongeza, baba, hiyo ni nusu."

"Mimi niwekee ya mwezi mzima."

Ikafika zamu ya mkataji mmoja wa mkonge, mzee wa Kikamba, mtu mkimya ambaye hatukuwahi kumsikia akiuliza kitu. Sahani akaishika palepale hewani.

"Na mshahara wako, mkubwa, umekatwa?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya, na hilo pia nampa.

"Wangu umeongezwa," akasema. "Kuna kampuni nyingine zilinitaka. Bodi ikaogopa nitaondoka wakati mbaya."

"Kumbe ukitaka kuondoka unaongezwa," binti yangu akasema nyuma yangu. "Na mimi nataka kuondoka tangu mwaka juzi." Hata nyapara alicheka.

Mkurugenzi hakucheka. Akainama kwangu. "Mama, kampuni ikikosa mtu wa kuiongoza, nyote mtaenda nyumbani. Kazi hii si rahisi."

"Sijasema ni rahisi. Mvua ikinyesha, mtu mkubwa alipwe pakubwa, sina neno. Lakini wewe umesema ni njaa. Ni nyumba gani hiyo, baba akitishia kwenda kwa jirani anaongezwa nyama, halafu watoto wanaambiwa wapunguze tonge? Kwetu tungemfungia mzigo wake. Tungemwambia nenda, jirani akulishe."

"Mimi nimeajiriwa tu, mama, kama wewe."

"Basi kula kama mimi."

Akaendelea kupakua. Mzaha ukaisha. Watu walipokea sahani kwa mikono miwili, wakasema asante, na ile asante ilikuwa chungu kuliko mzaha. Hemani walikuwa wamemfunikia sahani ya kuku. Sufuria ya mwisho ilipoisha aliitazama ile sahani, akatutazama sisi, akakwangua ukoko akala amesimama. Sijui alielewa au aliogopa. Sikuuliza.

Karani akaleta karatasi na wino wa kidole. Niliitwa wa kwanza. Walijua nikikubali, waanikaji watanifuata. Nikasema nitaweka kidole siku nitakayoona sahihi ya mkurugenzi juu ya jina langu, na nusu yake imeandikwa hapo. Nikaenda kuosha masufuria. Binti yangu akaja kusugua nami, kisha wengine wa waya. Wakataji wakarudi kambini. Karani akabaki na meza yake.

Mishahara haikukatwa. Tulisikia mkurugenzi amerudisha ile nyongeza. Sikuona kwa macho yangu, kwa hivyo siapi. Mimi, mkataba wangu ulipoisha haukurudiwa. Umri, walisema. Umri nilikuwa nao hata nikiwapikia.

Jirani yangu mmoja alinicheka. "Sasa umepata nini? Nyumbani kwako umebaki mshahara mmoja, nusu ileile uliyoikataa."

Nikamwambia nusu hii wamenichukulia, sikuwapa. Na wale wengine wote shambani wana mshahara wao mzima, mume wake akiwa mmoja wao. Nikauza mbuzi wawili, nikaanza kuuza mihogo sokoni Voi, na muhula ulipofunguliwa nilimbebea msichana sanduku mimi mwenyewe mpaka lango la shule. Mlinzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia mimi ndiye ninayelipa.