Siku Wanjiro Alipomkataa Daudi Kwa Vonza

Mwalimu Mbinya Nzomo aliandika riwaya ya kompyuta miaka minne kabla hajaiona kompyuta, na msimcheke, maana wapo wanaoandika habari za mbinguni kwa masharti hayo hayo. Alizaliwa Kalamba, serikali ikampeleka Kwa Vonza kufundisha sayansi kimu, na huko akabaki. Wachumba wawili walikuja kwa nyakati tofauti, wakanywa chai, wakaenda zao. Alipofikisha miaka thelathini na sita alikuwa amekwisha kuizoea nyumba yake ya walimu, kuku wake, na daftari kumi na mbili zilizojaa mwandiko mdogo.

Ndani ya daftari hizo alikuwamo Wanjiro, msichana aliyeokoka, karani katika jumba la orofa ishirini kule Nairobi. Alikuwamo Daudi, fundi wa kompyuta, kijana mpole mwenye mabega. Na alikuwamo Muturi, jambazi wa suti, aliyeitaka programu ya Daudi yenye uwezo wa kufungua kila mlango nchini, hata wa kanisa. Kompyuta yenyewe Mbinya aliiunda kwa vitu alivyovijua: ilikuwa na gurudumu la kuzungusha kama cherehani, ilimwagiwa maji ilipopata joto, na mambo yalipozidi ilitoa moshi.

Sura ya mwisho ndiyo aliyoipenda zaidi. Muturi ametubu, milango yote imefungwa salama, Daudi anamwomba Wanjiro waoane, na Wanjiro anamwambia hapana, Bwana amenipa kazi nyingine. Kisha anarudi kazini na paa halimwangukii mtu. Mbinya alitaka wasichana wa darasa la nane wasome kitabu cha namna hiyo, chenye jina lake kwenye jalada, kabla hajafa. Hakuwa na haja nyingine duniani, au ndivyo alivyodhani.

Mwaka 1991 marafiki wa ng'ambo walilipatia kanisa kompyuta. Ililetwa imeviringishwa ndani ya godoro, ikawekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kilichoandikwa Karibu Mgeni. Kuiendesha aliletwa Mulei kutoka Mwingi, mwanamume wa miaka arobaini aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuwa amesomea mashine hizo Nairobi kwa wiki tatu. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa nyimbo na matangazo ya mazishi. Mbinya akampelekea daftari ya kwanza, roho mkononi.

Mulei aliisoma mpaka mwisho ndipo akawasha mashine.

"Hii yetu haitoi moshi, mwalimu," alisema.

"Basi nitauondoa huo moshi."

"Wacha tu. Hii bado ni mpya."

Tangu siku hiyo Mbinya alimwona mtu wa maana. Kila Jumatano baada ya shule walikaa pamoja mbele ya kile kioo cha maandishi ya kijani, yeye akisoma kwa sauti, Mulei akichapa kwa vidole vinne. Hakuwa msemaji. Lakini Muturi alipomfungia Wanjiro stoo, Mulei aliacha kuchapa, akavua miwani, akauliza kama huyo msichana amekula. Mbinya alirudi nyumbani akaongeza ugali na sukuma katika sura ile.

Kitabu kilipokwisha kuchapwa kilihitaji ruhusa ya kamati ya wazee, kwa kuwa mashine, wino na karatasi vilikuwa vya kanisa. Mwenyekiti, Mzee Kivuva, alikuwa mnyofu kupita kiasi, na watu wa aina hiyo wana taabu yao. Alisoma kurasa zote mia mbili na kumi na mbili, kisha akamwita Mbinya na kumuuliza kwa upole kama mambo hayo yalitendeka. Mbinya akasema hapana, ameyabuni. Mzee akafumba macho.

"Mwalimu, kitu haikutendeka, na wewe unaandika ilitendeka. Hiyo sisi tunaitanga nini?"

Mbinya alieleza maana ya riwaya saa nzima. Wazee walimsikiliza kwa heshima, wakaomba, wakajadiliana, wakatoka na uamuzi ambao hakuna chuo cha theolojia kingeufikia: mashine ya Bwana haiwezi kuchapisha uongo, lakini kazi ya mwalimu ni nzuri, kwa hiyo kila jambo kubwa la kitabu litendeke mara moja mbele ya mashahidi, na likishatendeka litakuwa kweli. Mtu mwingine angekusanya daftari zake akaenda. Mbinya alikitaka kitabu chake mno. Akakubali.

Ikaanza miezi mitano ambayo Kwa Vonza haikuwahi kuona mfano wake. Ilibidi Mulei awe Daudi, kwa sababu hapakuwa na mwanamume mwingine aliyejua mashine inawashiwa wapi. Wanjiro walimpa Kasyoka wa kwaya, lakini mchumba wa Kasyoka akatuma neno kwamba hajapendezwa, basi Mbinya akaambiwa asimame mwenyewe. Muturi ndiye aliyewatoa jasho, maana hapakuwa na mwamini aliyetaka ujambazi. Mwishowe Mzee Mbuvi, muuza mbao, alijitolea baada ya kufunga siku mbili, na kumbe alikuwa na kipaji.

Kwa sura ambayo Muturi anamfukuza Daudi kwa gari, walitumia pikapu ya mchungaji na trekta ya Mbuvi, wakielekea Kitui. Walisimama mara tatu kusalimia watu na mara moja kumpakia mama mwenye gunia la mbaazi. Mashahidi wakaandika kwamba mbio zilikuwa kali. Kwa sura ambayo Wanjiro anaficha disketi ndani ya Biblia, disketi ilikaa humo siku tatu, ikapinda, sura ya tatu ikapotea, na Mulei akaichapa upya bila kunung'unika. Ilipofika zamu ya Muturi kutubu, Mbuvi alipiga magoti mbele ya kanisa, akaanza maneno ya ukurasa wa mia moja na tisini, kisha akayaacha njiani, akalia kwelikweli, akaungama kwamba mwaka 1978 aliisogeza mikonge ya mpaka hatua sita ndani ya shamba la jirani. Jirani mwenyewe alikuwa kwenye kwaya, akiimba besi. Ibada ikasimama watu waende kupima shamba.

Halafu kukawa na suala la mbuzi. Kamati iligundua kwamba Daudi anamwambia Wanjiro anampenda katika sura ya tisa, na hakuna popote alipopeleka mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao Mkamba hutanguliza ili posa ihesabike kuwa posa. Mbinya akasema Wanjiro ni Mkikuyu. Mzee Kivuva akauliza, na Daudi je? Mbinya hakuwahi kumfikiria kabila. Kanisa likatoa mbuzi, wakapelekwa Kalamba kwa mzee Nzomo, baba yake Mbinya, kwa hoja kwamba baba wa Wanjiro aliuawa katika sura ya kwanza na aliyemuua ni mwalimu. Mulei aliwashusha mwenyewe kutoka kwenye pikapu, amevaa tai. Mzee Nzomo alielezwa kila kitu, hakuelewa hata kidogo, akachinja, akala, akauliza tu kama huyo Daudi hunywa pombe.

Ikabaki sura ya mwisho. Ilipangiwa Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya sadaka. Na hapo Mbinya, aliyekuwa amecheka miezi mitano mfululizo, akaacha kucheka. Alikuwa amempenda Mulei. Hakujua ni tangu lini. Pengine ni ile siku ya ugali. Sasa, ili kitabu chake kitoke, ilimpasa asimame mbele ya kanisa zima amkatae, na katika kanisa lile jambo lililoshuhudiwa na wazee halikuwa na rufaa.

Jumatano ya mwisho alimwambia Mulei, akiangalia pembeni, kwamba anafikiria kuibadilisha sura hiyo.

"Usibadilishe," alisema Mulei. "Hiyo sura ni nzuri kushinda zote."

"Kwani unaipenda?"

"Siipendi. Nimesema ni nzuri."

Mbinya alienda nyumbani akalia kwa hasira. Aliwakasirikia wazee, akaikasirikia mashine, na zaidi ya wote akamkasirikia Wanjiro, msichana asiye na mifupa, ambaye angesema hapana yake kisha afungwe ndani ya jalada bila kulala peke yake hata siku moja. Lakini hakulibadilisha hata neno. Sura ile ilikuwa ya kweli, na alijua wapo wasichana watakaoihitaji.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mulei alisimama mbele, akasema maneno ya Daudi yote, na hakuruka hata nukta. Mbinya alishikilia ukingo wa meza.

"Hapana," alisema. "Bwana amenipa kazi nyingine."

Sauti yake ilitoka sawasawa, na hilo lilimshangaza. Mzee Kivuva alitazama ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akafuata mstari kwa kidole, akaandika chini yake neno moja, Imetendeka, akatia sahihi. Akatangaza kwamba kitabu kimepita. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na Mbinya akasimama katikati ya kelele hizo, mtu aliyepata kila alichoomba, akatamani kufika nyumbani kwa kuku wake.

Mulei hakuwa amerudi kwenye kiti chake. Alingoja makofi yaishe.

"Mzee mwenyekiti, Daudi amemaliza?"

"Amemaliza, ndugu. Unaeza kaa."

"Kwa hivyo Daudi amekataliwa." Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Mimi bado sijauliza."

Mzee Kivuva alipindua ukurasa kutafuta mahali hayo yalipoandikwa, akakuta karatasi zimekwisha. Akageuza rundo lote, akaanza tena kutoka mwanzo. Kanisa zima likamgeukia mwalimu, aliyewaandikia watu wengine maneno miaka minne, na sasa hakuwa na hata moja aliloliandaa.

"Basi uliza," alisema Mbinya.