Lori Lililovutwa na Ng'ombe

Harufu ya dizeli mpaka leo inanifanya nitazame mawingu. Utotoni kwetu Kasoli, miaka ya vijiji vya ujamaa, lori la pamba likija tulikimbia nyuma yake tukiivuta harufu ile kama watu wanaonusa mchuzi wa jirani. Msimu mmoja lilikuja, likapakiwa pamba ya kijiji kizima, likazimika palepale mbele ya ghala. Tangi kavu. Dereva akangoja dizeli, siku zikapita, haikuja. Turubai lilikuwa na matundu, na kila jioni mbingu za upande wa ziwa zilikuwa nyeusi. Pamba ikilowa inaoza, na jasho la mwaka limekwenda. Baba hakukaa. Anatoka, anatazama barabara, anatazama juu, anarudi. Hata ugali alikula amesimama.

Redio ya jirani ilisema mafuta yamepanda bei dunia nzima. "Pamba yetu inauzwa ng'ambo ili nchi ipate fedha za kununua mafuta," baba alinieleza. "Na mafuta ndiyo yanabeba pamba."

"Sasa kipi kinaanza, baba?"

Aligeukia zizi. "Ng'ombe."

Asubuhi wanaume walileta minyororo na nira. Mama akakataa watu waondoke bila sala.

"Wingu halingoji Amina," baba akasema.

"Basi fumba macho upesi."

Tukasali. Kumbe wanaume walikuwa wamechagua dume lenye nguvu kutoka kila nyumba, wakayafunga mawili mawili upya, kama timu ya mashindano. Yakapigana pembe, huyu anavuta, yule anarudi nyuma. Dereva akachungulia dirishani, anacheka: "Jamani, injini yenu ina rivasi tupu!"

"Mmewatenganisha waliozoeana," mama akasema. "Mrudishieni kila mmoja mwenzake wa kulima naye. Na mtoto wa nyumba yake atangulie mbele, wanamjua."

Walinung'unika, lakini walifanya. Mimi nikatangulia mbele ya Shilingi na Ndege, ng'ombe wetu, nikiwaita kama shambani. Mnyororo ukakaza. Lori likalia, likasogea. Njia nzima mpaka Bariadi sikugeuka nyuma, nikiogopa nikigeuka litasimama. Tulipoingia geti la kiwanda cha kuchambua pamba, tone la kwanza liliniangukia shingoni. Baba akakaa chini kwenye vumbi, akacheka peke yake.

Sasa naishi hapa Somanda, mjini Bariadi. Vita ikianza huko mbali, kesho yake vijana wa bodaboda wananiambia, "Mama, nauli imepanda, mafuta hayo!" Bei ya unga inafuata, na ya sabuni. Binti yangu ananiuliza tutafanyaje. Namwambia tusali, na tunasali kweli, maana Mungu hajanitupa hata siku moja. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi mbacha wetu tuliuuza: ng'ombe tuliohamia nao hapa walikwisha, penye zizi lao tukajenga vyumba vya wapangaji. Nikisema Amina nafumbua macho, na kabla sijajizuia yameshakwenda uani, yanatafuta pembe.