Asubuhi Nne za Kuiaga Bahari

Siku moja ninayoikumbuka kuliko ninavyopenda, mjukuu wangu, niliamka Mombasa kabla ya jua, nikavua viatu, nikaenda kuiaga bahari. Nilikuwa kijana, nimemaliza miezi minane ya kujifunza kutengeneza mashine za kusaga. Begi lilikuwa limeshafungwa. Nikatembea ufukweni mpaka jua likanichoma shingo, nikajiambia, basi, kesho nasafiri. Kesho yake nikaiaga tena. Asubuhi nne naaga maji! Hata bibi harusi haagwi hivyo.

Nakueleza haya kwa sababu jana umenitumia video ya sita ya mawimbi ya Dar es Salaam. “Muzee, bado siku mbili tu, naaga bahari.” Unaniudhi, nakwambia wazi. Masomo yako yamekwisha tangu mwezi jana. Mama yako alinunua kuku wa kukupokea, na huyo tumeshamla. Amenunua wa pili, naye sasa amenenepa kunishinda. Walisema majuto ni mjukuu. Mimi ninaye mjukuu wa kweli, na yuko ufukweni na simu mkononi.

Sasa sikiliza. Baba yetu alikuwa amefariki, na mimi ndimi Paluku, mtoto wa kiume wa kwanza. Dada yangu Kavira alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa waje na mbuzi wa mahari nyumbani kwetu Mapendo, juu ya Ziwa Kivu, siku ya Jumamosi. Barua ilinifikia mapema, sina kisingizio. Baba akiwa hayupo, mimi ndiye niliyetakiwa kukaa kwenye kiti chake na kusema tumepokea. Bila neno hilo hakuna kilichopokewa. Nilihesabu siku za basi nikaona zinatosha. Zingetosha kweli, kama nisingezimwaga mchangani.

Nilifika Jumanne iliyofuata. Shangazi yetu, mama mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Salamu yangu hakuiitikia.

“Unabeba nini mu ile mufuko?”

“Makombe ya bahari, shangazi.”

“Makombe!” Akaweka ungo chini. “Batu ya heshima bamekaa hapa tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mbuzi zao zikamaliza maharage ya jirani. Tubaambie nini? Ati Paluku anaangalia maji? Na hii ziwa yetu hapa chini, siku gani ulishuka kuiangalia?”

Ziwa Kivu liko pale, halina chumvi wala mamba, nami sikuwahi kulitembelea alfajiri hata mara moja. Wakwe walikuwa wamerudi kwao Butembo na mbuzi wao, wakiamini tumewadharau. Ilinibidi niwafuate. Niliwapigia magoti wazee wao, nikarudi mikono mitupu, nikaenda tena, na miezi mitatu ikapita kabla hawajakubali. Ndoa ilifungwa. Watu husema yaliyopita si ndwele. Nadhani aliyesema hivyo hakuwa na dada.

Maana Kavira hakunigombeza. Siku niliyorudi na makombe yangu aliniambia maneno machache tu, bila kuinua macho.

“Nilikuwa mu chumba, nimevaa. Nikasikia bamama ba ule upande banaulizana, huyu binti hana hata ndugu?”

Afadhali angenipiga.

Kwa hiyo shika hili, mjukuu wangu, maana sitalirudia. Ukimaliza lililokupeleka ugenini, washukuru waliokulisha, uwaage, upande basi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe hata jembe umelikimbia. Usiniambie habari za ngoja kidogo, ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si lako. Bahari ilikuwepo kabla yako, wala haitauliza umekwenda wapi. Anayeuliza ni mama yako, kila jioni, nami nimeishiwa majibu.

Mungu akufungulie barabara, akupe dereva asiyesinzia, akufikishe kwetu kuku akiwa bado hai. Kavira ni mjane sasa, amerudi kukaa nasi hapa Mapendo, na magoti yanamsumbua. Kila alfajiri namshika mkono tunashuka ziwani polepole. Hajawahi kunikumbusha ile Jumamosi. Njoo umshike mkono wa pili.