Dawa kwa Maji, Maharage Jioni

Asubuhi yetu ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu kama nyingine, mke wangu Epiphanie alimeza kidonge chake saa kumi na mbili, kwa funda dogo la maji. Karibu saa moja nikamletea uji wa mtama. Niliupika mzito, maana mwepesi ulikuwa unampalia. Alikaa wima kwenye kiti chake cha mlangoni, akainamisha kidevu kama tulivyofundishwa, akameza. Akasema uji una mabonge. Akasema fundi wa kujenga kama mimi hajui kukoroga uji, anajua kukoroga simenti. Kikombe kikaisha. Akataka nimgeuzie kiti aone barabara, nikageuza.

Mchana akapata homa. Siku ya nne kifua kikamshinda, akafariki.

Watu wa soko la Jabe walimwita Mama Lisette, kwa jina la binti yetu, na walimjua kwa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Miaka ishirini na sita aliuza ndagala wakavu pale, akiwapima kwa kikombe cha bati. Alipima mara moja, kikombe kikajaa sawasawa, na aliyeomba nyongeza alirudi nyumbani bila nyongeza. Ugonjwa ulianzia kwenye kikombe hicho. Mkono wa kuume ukaanza kutikisika, ndagala wakawa wanamwagika ovyo kwenye mfuko wa mteja. Chabani, aliyeuza chumvi kando yake, akawatangazia watu, "Njoeni, leo Mama Lisette anaongeza bila kuombwa." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Nyumbani aliniambia mkono wake umekuwa wa mtu mwingine.

Munganga, yaani daktari, wa kule Kamenge alimwambia atembee, ageuke, agonganishe vidole. Kisha akasema ni Parkinson. Jina hilo hatukuwa tumelisikia. Akasema ugonjwa huo hauponi, ila kuna vidonge vinavyousaidia mwili usikakamae. Mara tatu kwa siku, kwa maji, kabla ya kula. Karatasi yake ilinishinda kusoma, lakini maneno hayo niliyasikia vizuri.

Niliyasikia, nikafanya yangu. Kwetu dawa kali hapewi mtu mwenye njaa, inamtoboa tumbo. Na mgonjwa anatakiwa kupata nguvu. Kwa hiyo nilimpikia maharage, ale kwanza ashibe, ndipo ameze. Jirani yetu hapa Kanyosha, Nella, ana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Aliposikia Epiphanie anaumwa, akawa analeta maziwa kila asubuhi. Mrundi akikuletea maziwa amekupa heshima kubwa, huwezi kuyaweka pembeni. Kidonge tukakisukuma na maziwa.

Hakikufanya kitu. Au kilifanya leo, kesho kikakataa. Nikaongeza maharage, nikatia na ndagala. Kadiri nilivyomtafutia nguvu ndivyo alivyokakamaa. Kitenge chake kilichokuwa kinamtosha mara moja sasa kilimzunguka karibu mara mbili.

Jumapili moja binti yetu Lisette alikuja kututazama. Tulikuwa tunakula. Kijiko cha mama yake kilitoka kwenye sahani kimejaa, kikafika mdomoni kitupu, mara tatu. Lisette akakichukua ili amlishe. Epiphanie akafunga mdomo, akageuza uso ukutani. Alipofungua mdomo ilikuwa kusema.

"Mi si mutoto. Siku mukono yangu itashindwa, mutaniacha na njaa yangu."

Alikuwa mtu wa kusema na kutimiza. Kutikisika nilikuwa nimekuzoea. Siku ile ndipo nilipoogopa. Niliona mkono utakataa kabisa, na yeye atakufa kwa njaa mbele ya macho yangu, na sufuria imejaa.

Nikampeleka kwa Honoré. Huyu ni muforoma, muuguzi kijana, mpole, mwenye zahanati ndogo karibu na kwetu. Akampima uzito, akatikisa kichwa, akaniita pembeni. Nilidhani ataniuliza habari ya dawa. Akaniuliza habari ya jiko langu. Nianze asubuhi, nimwambie anakula nini, saa ngapi, na kidonge kinaingia wapi. Nikamweleza yote, tena kwa kujisifu. Maharage. Maziwa ya Nella. Ndagala kila siku, maana kwa muuza ndagala hawakosekani.

Honoré akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ndani ya tumbo, kidonge hiki kinapita mlango mmoja na maharage, maziwa, nyama na samaki.

"Maharage iko mingi, Baba, inasukumana pale mulangoni. Kidonge iko kimoja. Kinabakia inje."

Akasema hakitamtoboa. Akisikia kichefuchefu nimpe kipande cha ndizi mbivu, basi. Kidonge kwa maji, nisubiri karibu saa nzima, ndipo ale. Mchana nimpe bitoke, zile ndizi za kupika, na viazi, mboga ya lengalenga, avoka. Nimpe papai na maji mengi, kwa sababu choo kilikuwa kinamfunga hata siku nne. Maharage, ndagala na maziwa vihamie jioni. Nilitaka kusema nitaviacha kabisa, akanikatisha. Bila hivyo atakwisha mwili, alisema. Sikukatazwa chakula, nilibadilishiwa saa tu.

Njiani nilihesabu miezi. Miezi minane nilikuwa nimezuia dawa ya mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Tulipofika nilimwambia hivyo hivyo.

"Na yale maharage ulikuwa unaunguza," akasema.

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kunilaumu nalo kwa miezi ile.

Kazi ngumu ilikuwa Nella. Nilienda kwake, nikavua kofia, nikamwambia tunaomba maziwa ya asubuhi yasimame. Akakunja mikono. Akauliza kama maziwa yake yamegeuka sumu. Nilijaribu kumweleza mambo ya mlango wa tumbo, lakini mdomoni mwangu hayakutoka vizuri kama kwa Honoré. Wiki nzima alinisalimu kwa mbali, kwa kichwa tu. Epiphanie akaumia kwa ajili yake kuliko alivyoumia kwa mkono.

Kesho ya siku ile ya Honoré nilikuwa nimeshaanza. Saa tano kidonge na maji. Karibu saa sita nikaweka mbele yake bitoke na lengalenga, na kijiko. Sikutaka anione namwangalia. Nikajifanya kuna tofali natengeneza nje, nikachungulia dirishani. Kijiko kilipanda polepole. Kilitikisika kidogo njiani. Kikafika, na vitu vyake vyote ndani. Akatafuna. Akachota tena. Kisha akasema bila kugeuka, "Baba Lisette, ingia. Dirisha si sinema."

Niliingia, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Jioni moja ya wiki iliyofuata Nella alitokea mlangoni na chombo chake cha maziwa. Alikuwa amemwona Epiphanie mchana, anakula mwenyewe kivulini. Hakuomba msamaha na hatukumwomba. Aliniambia tu, "Mzee Mirindi, kumbe maziwa yangu sasa iko na saa, kama misa." Epiphanie akamwambia aingie haraka, padiri ana njaa.

Tulipata miaka minne hivyo. Siku zote hazikuwa nzuri. Ziko siku kidonge kilichelewa na mguu wake ukaganda mlangoni, nikasimama naye mpaka ukaachia. Lakini alirudi Jabe asubuhi mbili kwa wiki. Alikaa, wengine wakampimia. Mchana alikula papai katikati ya ndagala, na Chabani akamtania kwamba anauza asichokila. Alimjibu kuwa wao wanakula harufu kwa pua mchana kutwa, yeye ndagala wake wanamsubiri nyumbani. Mwili ukarudi kidogo. Kitenge kikamshika.

Mwaka wa mwisho dawa yenyewe ilichoka. Nilifuata saa zote na mkono haukupanda. Maji yakawa yanampalia. Honoré alinifundisha uji mzito, kidevu chini, kijiko kidogo, asiongee na chakula mdomoni. Vyote nilivijua. Lakini ni nani angeshika kijiko? Akafunga mdomo, kama alivyoahidi.

Siku mbili alikula kile tu mkono wake ulichofikisha, na kingi kilibaki kwenye kitenge. Lisette alilia kwenye simu. Nella alimgombeza kwa Kirundi, kwa upole, kama mtu anavyomgombeza dada yake. Hakufungua.

Siku ya tatu niliponda avoka pamoja na bitoke, nikasimama mbele yake na bakuli. Sikumwomba. Hakutazama bakuli. Alinitazama mimi, kuanzia miguuni mpaka usoni, akakomea kwenye suruali yangu, ambayo nilikuwa nimeifunga kwa kamba. Miezi ile nilipika chake, nikalinda saa zake, na changu nilikula kimepoa, nimesimama, au sikula. Nilidhani haoni. Akanyoosha mkono, akaushika ukingo wa bakuli. Bakuli likatikisika.

"Umekonda kunipita mi," akasema. "Leta kijiko. Lakini kimoja kwangu, kimoja kwako. Na usinidanganye, nahesabu."