Koti la Baba Mkwe Uwanjani

Sijui nitapitaje tena hapa Ngonga bila kuchekwa. Bibi Lugano, aliyemfundisha ngoma mama yangu na kila msichana wa hapa, jana alinichagua mimi, mwenye haya kuliko wote, niongoze mstari. Akanionya, "Ukiharibu, unarudi nyuma kabisa."

Sasa, tangu niposwe, mila yetu hainiruhusu kuonana na baba wa mchumba wangu. Akitokea, sharti nijifiche. Sura yake hata siijui. Namjua kwa koti lake tu, koti kuukuu la askari wa Wajerumani.

Basi ngoma imekolea, nami natamba kweli, mara nikaliona koti lile mbele ya watu wote! Nikachuchumaa papo hapo, nikajifunika shuka kichwani. Wenzangu wakadhani ni mtindo mpya, wakachuchumaa wote, shuka kichwani. Watu wakashangilia, "Ndaga fijo! Asanteni!"

Bibi Lugano akaniinamia. "We mwali, hii nilikufundisha lini?"

"Bibi, baba mkwe yule pale."

Akageuka kutazama, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akapaza sauti kila mtu asikie: "Mkweo kajificha mwenyewe kule migombani tangu mapema, ili wewe ucheze! Huyo ni mume wangu, kaazima koti!"

Nikainuka, uso unawaka. Mara kule migombani mwanamume akaangua kicheko kizito.

Nikachuchumaa tena, na mstari mzima ukachuchumaa nami.