Oveni ya Maganda ya Kahawa

Hakuna harufu inayonichefua kama ya maganda ya kahawa yaliyooza. Msimu wa kumenya, mashine hutema maganda mekundu yenye utelezi, yakarundikwa kando ya kijito, na jua likiyapiga yanavimba, yanakuwa meusi, yanatoa uvundo mtamu na mchachu kama pombe iliyomwagikia kidonda. Nilikulia jirani na rundo hilo, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Itaka, Uhuru ukiwa bado haujafika. Baba alikuwa mwangalizi wa injini iliyozungusha mashine na kuwasha taa za shamba, ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa na waya wa umeme wakati majirani wakiwa na vibatari.

Mwaka ninaousema nilikuwa shule ya kati, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Dada yangu Eliza alichumbiwa na kijana wa Msangano aliyempenda kweli kweli, na wakwe walikuwa waje kumaliza mazungumzo ya mahari. Mjomba, aliyefanya kazi ng'ambo ya mpaka, alituletea unga wa ngano wa kutosha kuoka mara moja tu. Mama alitaka kuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama siku zote. Mimi nikasema wageni wa namna hiyo wanastahili mkate wa umeme, na baba, aliyependa kuona nikishika koleo, akaniruhusu.

Nilisugua debe la mafuta ya taa kwa mchanga na majivu, nikalilaza ndani ya pipa la mbao lililokatwa, nikafunga koili ya kupashia moto chini yake. Kidhibiti joto nilikitoa kwenye pasi mbovu iliyotupwa na nyumba kubwa ya mzungu: kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikana, kikipata moto kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Nikakiwekea skrubu ya kupandisha na kushusha moto. Tik, kinakata. Tik, kinawasha. Niliusikiliza mlio ule kama mtu anayesikiliza akisifiwa. Ikabaki nafasi kati ya debe na pipa, iliyohitaji kujazwa kitu cha kuzuia joto lisipotee. Nikazoa maganda rundoni, nikayaanika. Juu yalikauka, ndani yakabaki uji. Mama aliingiza kidole, akakinusa, akakipangusa ukutani.

"Mwanangu, mbona haya yameoza?"

"Umeme utayakausha, mama."

Eliza akanishika bega. "Mdogo wangu, usiniaibishe."

"Utanishukuru mbele ya wakwe zako, bibi harusi," nikamjibu, nikagonga msumari wa mwisho.

Niliwasha oveni tupu kidogo tu, kidhibiti kikafanya kazi, nikaridhika. Siku ya wageni nikaiweka sebuleni ili waione, mama akatia donge la unga ndani ya debe. Joto lilipoanza kupanda, kilichokuwa hai ndani ya yale maganda kikatafuta pa kukimbilia, na matundu ya misumari yangu yalikuwa wazi kuelekea kwenye donge. Sikuona kitu. Niliona mvuke tu, nikasikia uvundo, nikawaambia ndivyo umeme unavyonuka ukiwa mpya. Mkate ulitoka na rangi nzuri ya kahawia. Mama akaukata, akawapa wageni, Eliza akifuata na birika la chai. Shangazi wa yule kijana, mama mnene mcheshi, alitafuna kidogo, akatulia, akaufungua mkate wake kwa vidole viwili.

"Namwinga," akamwita mama kwa jina la ukoo wake, "mkate wa kwenu unakuja na mboga yake?"

Wenzake wakacheka. Kisha wakatazama. Ndani ya ule mkate walikuwamo funza, weupe, wameiva, wamelala kama punje za wali. Shangazi alitazama kipande alichobakiza na kukumbuka alichokwisha kumeza, akatapika pale pale mkekani, juu ya miguu ya Eliza. Mzee mmoja alikimbilia mlangoni, akatapikia nusu ya njia. Sebule ilinuka matapishi, chai ya maziwa na kahawa iliyooza, na katikati ya yote hayo oveni yangu iliendelea: tik, tik.

Walisema watarudi. Hawakurudi. Baadaye tulisikia wamemwoza kijana wao kwingine, kwani hawakutaka kuoa kwenye nyumba inayolisha wageni funza. Eliza alikuja kuolewa mke wa pili na mfanyabiashara wa Nakonde ambaye sikumsikia dada akimtaja kwa furaha hata mara moja. Mama hakunigombeza. Alilichoma pipa lile na vyote vilivyokuwamo, na moshi wake ukanuka vile vile.

Siku hizi Eliza ni mjane, anakaa Tunduma kwa mjukuu wake, mwenye oveni ya dukani yenye kioo na taa ndani; unazungusha kitufe, joto linatulia pale unapotaka, kimya kabisa. Nikimtembelea hunikatia mkate wa moto. Kabla ya kunipa hukipasua kipande katikati, akakisogeza dirishani, akakikagua kwa macho yake mabovu.

"Kula, mdogo wangu. Hamna mboga."

Kisha anacheka na kula chake. Mimi nakitia changu mfukoni.