Tarumbeta ya Bendera

Njia ya mbio ilipita ndani ya kambi ya jeshi, na kwenye kona moja tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, mwanajeshi mwenye redio na dada mmoja wa Katesh aliyetutangulia. Getini tulionywa kwamba tarumbeta ya bendera ikilia kila mtu asimame wima, na atakayeendelea kukimbia ataondolewa kwenye mbio.

Ikalia. Nikasimama. Mdogo wangu, niliyemlea tangu wazazi wafariki, hakuisikia vizuri kwa sababu sikio lake moja ni bovu, akaendelea kukimbia. Mwanajeshi akaanza kugeuka upande wetu. Mwaka mzima wa mazoezi kule Tlawi ulikuwa hatarini, nami sikuthubutu kumwita, mwanajeshi asije akasikia.

Yule dada alimdaka mdogo wangu mkono alipokuwa akimpita, akamsimamisha, lakini yeye mwenyewe akavutwa, akateguka kifundo cha mguu.

“Tulia, mdogo wangu,” yule dada alimnong'oneza.

Mdogo wangu alimaliza mbio. Dada alibebwa kwa gari, na deni la wema wake mpaka leo hatujalilipa.